Maneno Yaliyo Chini ya Nota

Hotuba niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa kwaya, Moshi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Baba Mchungaji, shikamoo. Wazee wetu na walimu wetu wa kwaya, shikamooni. Vijana wenzangu wa sauti zote nne, Bwana Yesu asifiwe.

Nilipoondoka hapa mwanzoni mwa Julai, ninyi ndio mlionichangia nauli. Wapo waliotoa elfu hamsini. Yupo mama wa sauti ya kwanza aliyeniletea elfu mbili, zimekunjwa ndani ya leso, akasema, "Mwanangu, hii ni ya maji ya njiani." Kwa hiyo leo sikuja kuwapa mawaidha. Nimekuja kutoa hesabu ya safari mliyoilipia.

Nilikaa wiki sita Weimar, mji wa jimbo la Thüringen huko Ujerumani, nikijifunza kuimba opera na kuicheza jukwaani. Wengi mmeniuliza opera hasa ni kitu gani. Ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba, okestra ikiwa imekaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, na hakuna kipaza sauti. Hili la kipaza sauti nitalirudia, maana najua limewagusa.

Lakini nianze na bibi yangu. Siku mbili kabla ya kuondoka nilipanda Old Moshi kumuaga. Nilimkuta kihambani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Akaniambia nimwimbie huo wimbo ninaoupeleka Uzunguni. Nikamwimbia wimbo wa Kijerumani, mwepesi, wa haraka, unaorukaruka kama ndege wa asubuhi. Nilikuwa nimeujifunza kwa masikio, kutoka kwenye simu. Nilikuwa nimeuimba bafuni, nimeuimba ndani ya daladala. Bibi akapiga makofi, akacheka, akauliza, "Unasemaje huo?" Nikamjibu, "Ni wa mapenzi, bibi." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Unakwenda kwa wale waliomnyonga Mangi?"

Mnaijua habari yenyewe. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umelitafuta fuvu lake huko Ujerumani kwa miaka mingi. Sikuwa na la kusema. Nikamwambia, "Ndiyo, bibi. Ndio hao." Akarudi kwenye maharage yake. "Basi ujue unachowaimbia."

Nililichukua neno lile kama usia wa mzee kwa kijana anayesafiri. Unaitikia "ndiyo bibi", unapanda gari.

Weimar ni mji mdogo, wakazi wake wapata 65,000, unaweza kuumaliza kwa miguu. Lakini kwa mtu wa muziki, kila kona ina jambo. Bach alipiga kinanda hapo kuanzia 1708 hadi 1717. Goethe, mshairi wao mkuu, alifika 1775 na akafia hapo 1832. Liszt ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza kabisa la Lohengrin, opera ya Wagner, katika mji huo, tarehe 28 Agosti 1850. Na tarehe 23 Desemba 1893 Richard Strauss, kijana wa miaka 29, akaongoza hapo hapo onyesho la kwanza la Hänsel und Gretel, opera ya Humperdinck. Mwaka ule ule wa 1893, wamisionari wa Leipzig walianza kazi yao hapa kwetu Kilimanjaro. Sikuwahi kuziweka habari hizi mbili pamoja mpaka nilipofika kule.

Na juu ya kilima kilicho karibu na mji huo huo, Ettersberg, ndipo ilipokuwa kambi ya mateso ya Buchenwald, tangu 1937 hadi 1945. Waliokufa ni zaidi ya watu 50,000. Nilipanda basi nikaenda. Sitaieleza hapa, naomba tu mjue kwamba nyumba ya Goethe na kambi ile ziko umbali wa safari fupi ya basi, na wenyeji hawafichi.

Sasa niwapeleke darasani. Siku ya kwanza tulikusanyika kwenye chumba chenye piano: Wakorea, Wamarekani, Wabrazili, Mpolandi mmoja, Wajerumani wenyewe, na mimi. Kuna mwalimu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye piano na kukufundisha sehemu yako neno kwa neno, nota kwa nota. Wao humwita Korrepetitor. Alipita akimpa kila mmoja penseli, penseli ya kawaida yenye kifutio kichwani. Akasema kalamu ya wino ni marufuku chumbani humo, kwa sababu mtakachoandika leo mtakifuta kesho.

Kisha akatupa kazi. Chini ya kila neno la Kijerumani, andika maana yake kwa lugha ya mama yako. Usiandike maana ya mstari mzima kwa jumla. Kila neno liandikiwe, hata yale madogo madogo yanayoonekana kama vumbi. Mpaka umalize, huimbi.

Kwetu hatufanyi hivyo, na ninyi ni mashahidi. Tunapewa wimbo, tunaanza na solfa, do, re, mi, kila sauti upande wake, mwalimu anatembea na fimbo yake ya kuongozea. Sauti ikishakaa ndipo maneno yanabandikwa juu yake, kama stempu kwenye bahasha. Kule walianza na maneno. Siku mbili nzima hakuna aliyeimba. Tulisoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, tukarudia, tukasahihishwa.

Na hapo ndipo kinywa changu kilipogundulika. Mwalimu aliandika ubaoni neno Strumpf, maana yake soksi ndefu. Konsonanti sita, irabu moja katikati. Nikalitamka. Akanyoosha vidole vinne: "Umesema silabi nne. Neno hili lina moja." Nikabisha, kwa kuwa masikioni mwangu sikuongeza kitu. Akanirekodi kwa simu yake, akanisikilizisha. Nikajisikia mwenyewe: su-tu-rum-pfu. Kinywa cha Mswahili hakikubali konsonanti ibaki peke yake kama yatima, lazima kiitafutie irabu ya kuishika mkono. Kwa wiki mbili nilitembea kwenye bustani ya mto Ilm nikisema soksi, soksi, soksi kwa Kijerumani, na waliokuwa wakitembeza mbwa wao wakinipisha njia. Maneno yao mawili matatu tunayo tangu zamani, shule ni lao na hela ni lao, lakini hayo tuliyachukua tukayafanya yetu. Safari hii mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kwao.

Wiki ya pili tulianza nyimbo za Kiitaliano, na hapo mambo yakageuka. Mwalimu wa sauti, mama wa makamo aliyeimba soprano jukwaani miaka mingi, alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Msikilizeni huyu anavyosema a, e, i, o, u." Nilidhani nimekosea tena. Kumbe irabu zetu tano zinakaa karibu mahali pale pale panapotakiwa na Kiitaliano. Ni safi, hazigeuki katikati. Mmarekani akishika "o" ndefu, mwisho wake huponyoka ikawa "u" bila yeye kujua, na huchukua miezi kuiponya. Ninyi mliokaa hapa hamna ugonjwa huo. Mmezaliwa na kitu ambacho wenzetu wanakilipia ada, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni mali.

Sasa kipaza sauti. Mtu mmoja anasikikaje juu ya vyombo arobaini? Nilidhani ni kwa kupiga kelele zaidi. Sivyo. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na hetsi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda inapungua. Sauti ya opera iliyofundishwa hukusanya nguvu yake karibu na hetsi 3,000, mahali ambapo okestra imekwisha kupoa na sikio la binadamu ni kali sana. Kwa hiyo mwimbaji hashindani na okestra. Anapita pale ambapo okestra imemwachia njia. Na nguvu hiyo hutengenezwa na koo lililotulia chini, nafasi ya nyuma ya kinywa iliyofunguka kama unavyoanza kupiga mwayo, na pumzi inayoshikiliwa na mbavu. Kila asubuhi saa nne tulisimama mikono mbavuni tukitoa pumzi kwa sauti ya "sss", mbavu zisianguke, mwalimu akihesabu. Siku ya kwanza niliishia ishirini na moja. Siku ya mwisho nilifika arobaini na nne.

Walimu wangu, nawaheshimu, na nasema hili kwa upendo. Spika zetu zimetuharibu. Kijana wa miaka kumi na sita anafundishwa kuimba akiwa amekibana kipaza sauti kwenye mdomo, anakaza shingo mpaka mishipa inatoka, na akifika miaka ishirini na mitano sauti imekwisha. Tunasema amechoka, tunamweka kwenye kamati ya maandalizi.

Kuhusu nota nitasema kwa kifupi. Nilisoma nota za mistari mitano kama mtoto asomavyo, kidole kikitembea. Mazoezi ya kwanza na okestra nilitakiwa kuhesabu baa za kimya, vile vipande vya mapigo ambavyo huimbi, kisha niingie. Sikuhesabu. Nilikuwa nikisubiri kijisauti fulani cha piano nilichozoea, na siku hiyo piano haikuwepo. Watu wote wakasimama kwa ajili yangu. Kondakta hakunifokea, alitaja tu namba ya baa, tukarudi. Usiku sikulala. Lakini msije mkasema solfa ni aibu. Kwaya za Afrika Kusini zimeimba korasi za opera kwa solfa kwa miongo mingi, na huko ndiko zilikotoka sauti nyingi zinazosimama leo kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Pretty Yende ni binti wa Afrika Kusini, na tarehe 6 Mei 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles huko London. Solfa ni mguu mmoja. Tutafute na wa pili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Opera tuliyopewa ni Die Zauberflöte, yaani Filimbi ya Uchawi, ya Mozart. Ilionyeshwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Septemba 1791, na tarehe 5 Desemba mwaka huo huo Mozart akafariki. Maneno yake aliyatunga Emanuel Schikaneder, ambaye mwenyewe aliingia jukwaani kama Papageno, mkamata ndege. Mimi ni sauti ya tatu, tenori. Nikapewa Monostatos.

Monostatos ni mlinzi kwenye jumba la Sarastro, kuhani mkuu. Analinda binti wa Malkia wa Usiku, Pamina, na anamtamani. Katika orodha ya wahusika ameandikwa kuwa ni Mohr, mtu mweusi. Ana wimbo wake mmoja wa peke yake, katika sehemu ya pili ya opera, wa zaidi kidogo ya dakika moja. Mozart aliagiza uimbwe na kupigwa kwa sauti ya chini sana, kana kwamba muziki unatoka mbali. Filimbi ndogo ya pikolo inacheza juu, kila kitu kinakwenda mbio, na wewe unatakiwa useme maneno mengi, kwa haraka, kwa kunong'ona, na mtu wa kiti cha nyuma asikie kila herufi. Ndio wimbo niliomwimbia bibi.

Usiku wa tatu tangu nifike, nilikaa dirishani na kamusi na penseli yangu. Kule mwezi wa Julai jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo sikuwasha taa. Nikaanza kuandika. Alles, kila kitu. Fühlt, kinahisi. Der Liebe Freuden, furaha za mapenzi. Mstari wa pili ndege wanagusana midomo, wanakumbatiana, wanabusiana. Nikasema sawa, nilimwambia bibi ukweli. Mstari wa tatu: na mimi niyaepuke mapenzi. Mstari wa nne. Weil, kwa sababu. Ein, mmoja. Schwarzer, mweusi. Hässlich, mwenye sura mbaya, wa kuchukiza. Ist, ni.

Nikafuta. Nikafungua kamusi upya, neno baada ya neno, nikidhani nimesoma vibaya. Nikaandika tena, na maneno yakawa yale yale: kwa sababu mtu mweusi ni mbaya wa sura.

Kwa muda nilikaa nikitazama ule mwandiko wangu mwenyewe, Kiswahili changu, chini ya nota za Mozart. Nilikuwa nimeuimba kwenye daladala. Nilikuwa nimemwimbia bibi yangu kihambani, akapiga makofi.

Asubuhi nilimwendea mwongozaji wa mchezo. Nikamwonyesha karatasi. Akaniambia kwamba kumbi nyingi siku hizi hubadilisha mstari ule, na yeye pia alikusudia kulizungumza nitakapofika mazoezi ya jukwaani. Nikamwambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba ningependa kuambiwa kabla sijapanda ndege. Alikubali. Alisema, "Una haki." Sikutegemea jibu fupi kiasi kile, na nililipokea.

Tulizungumza wote, waimbaji wote, mchana mzima. Yule Mpolandi, kaka mwenye sauti ya nne nzuri sana, alisema mstari ubaki. Hoja yake ni kwamba Monostatos anasema walichomwambia wengine. Anaimba jeraha lake, na Mozart amempa muziki wa binadamu, siyo wa mnyama. Tukiuondoa tunaosha mikono ya ulimwengu uliomfanya vile. Hoja hii si ya kupuuza, na sehemu yake naiamini mpaka leo. Dada mmoja wa Marekani akatukumbusha habari ya Grace Bumbry, Mmarekani mweusi, aliyepangwa kuimba Venus katika Tannhäuser, opera ya Wagner, kwenye tamasha la Bayreuth huko huko Ujerumani mwaka 1961, akiwa na miaka 24. Ziliandikwa barua za kumpinga. Usiku ule watazamaji walipiga makofi kwa nusu saa, wakamrudisha jukwaani mara 42. Mwongozaji naye akatuambia jambo ambalo sikulijua: opera hii hii ilipoonyeshwa Weimar mara ya kwanza, tarehe 16 Januari 1794, wakati Goethe akiwa mkuu wa ukumbi wa maonyesho, maneno yake yaliandikwa upya na Christian August Vulpius. Kumbe kubadilisha maneno ya Schikaneder katika mji ule si uasi wa vijana wa leo. Kulifanyika miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, Schikaneder akiwa hai.

Mwisho nilisema, hoja zote nimezisikia, lakini kinywa kitakachoimba ni changu, na bibi yangu ataniuliza.

Mwongozaji akapendekeza neno moja libadilishwe. Mahali pa Schwarzer tuweke Sklave, mtumwa. Silabi zinalingana. Wengi waliona imekwisha. Mimi niliomba nipewe usiku mmoja. Mtu aliyezaliwa nchi yenye Bagamoyo halichukui neno mtumwa kama kiraka cha kuzibia tundu.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimepanda treni kwenda Jena, mji wa jirani, safari fupi tu. Nilikwenda kwa sababu ya Bi Salme, binti wa Sultani Said. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1844, akaondoka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, mumewe akafariki 1870, yeye akabaki Ujerumani na watoto wadogo watatu, akihama mji hadi mji. Alifia Jena tarehe 29 Februari 1924. Miaka mingi ya umri wake aliishi katikati ya watu waliomtazama kila alipopita. Nilitembea mitaa ya Jena nikijiuliza alikuwa akiongea Kiswahili na nani.

Usiku ule nikiwa na penseli nikamkumbuka, na neno likaja. Fremder. Mgeni. Silabi mbili kama Schwarzer, mwisho wake ni ule ule, linakaa juu ya nota zile zile bila kusukuma chochote. Kwa sababu mgeni ni mbaya wa sura. Nikaliandika. Chini yake nikaandika mgeni, neno ambalo kwetu hata mtoto analijua kwa heshima: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na huku Monostatos analiimba kama laana aliyopewa.

Asubuhi nililisoma mbele ya wenzangu. Mpolandi alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. Mle chumbani, karibu kila mtu alikuwa mgeni.

Kabla ya maonyesho nilipata siku moja ya mapumziko nikaenda Leipzig, kwenye kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako Bach alihudumu tangu 1723 mpaka alipofariki 1750. Kaburi lake liko humo ndani, mbele karibu na madhabahu. Kwaya yao ya wavulana ilikuwa likizo. Nilikaa kwenye benchi, nikachukua kitabu cha nyimbo, nikafungua wimbo wa Luther mnaoujua wote, ule wa ngome. Ein feste Burg. Nikatoa penseli, nikakumbuka kitabu si changu, nikaandika kwenye mkono. Burg: ngome, boma. Mungu wetu ni boma. Nikamfikiria bibi. Kwa bibi, boma ni lile la Mjerumani pale Old Moshi, na ni karibu na hapo Mangi aliponyongwa. Wimbo ule ulipanda mlima pamoja na watu waliotoka mji ule nilioketi. Sikulia, lakini nilikaa mpaka mhudumu akaja kuniambia wanafunga. Nampenda Mungu niliyemjua kwa nyimbo zile, na sitaacha kuziimba. Ila sasa najua boma ni neno gani.

Maonyesho yalikuwa manne, mimi niliimba Monostatos mara mbili, na mara mbili nilikuwa kwenye korasi. Kabla hujaingia jukwaani wenzako wanakuambia "toi, toi, toi", na marufuku kujibu asante, ukijibu umeharibu. Mimi niliyelelewa kusema asante kwa kila kitu, niliuma midomo. Ukumbi ulikuwa mdogo, watu mia mbili hivi, joto kali la Agosti, wanajipepea kwa karatasi za programu. Niliingia. Pikolo ikaanza. Niliimba kwa sauti ya chini kama Mozart alivyoagiza, mbavu zimefunguka, konsonanti zote zimesimama peke yake bila yaya. Nilipofika kwenye Fremder, mzee mmoja wa safu ya mbele aliyekuwa akijipepea akasimamisha mkono. Programu ikabaki hewani. Haikushuka mpaka nilipomaliza.

Vijana mnaniuliza kama kazi ipo. Ujerumani ina nyumba za opera zipatazo 80 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, na nyingi zina waimbaji wa kudumu, wenye mkataba, mshahara wa mwezi, bima na likizo. Kazi ipo. Na wanaoitafuta ni wengi, kutoka Seoul mpaka São Paulo, na wamesoma miaka sita, minane. Sitawadanganya. Mimi mwenyewe nitarudi kufanya usaili, na naweza kukosa.

Juzi nilipanda Old Moshi. Bibi akaniambia nimwimbie tena ule wa ndege. Safari hii sikuanza kuimba. Nilimweleza kwanza maneno yote, na lile lililokuwepo mwanzo, na lile nililoweka. Kisha nikaimba. Hakupiga makofi. Alikaa muda mrefu, akasema, "Rudia." Nikarudia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Tunaimba "Ebenezeri" tangu tukiwa Shule ya Jumapili. Nani hapa anaweza kuniambia maana yake? Naona mikono miwili, mmoja ni wa Mchungaji. Ni jiwe la msaada, lile alilolisimamisha Samweli. Kuanzia Jumamosi hii, saa nane mchana, kwenye chumba cha mazoezi cha nyuma ya kanisa, nitafundisha nota za mistari kwa yeyote anayetaka, bure, mpaka nitakapoitwa kwenye usaili. Hatutatumia spika. Pale mlangoni kuna boksi, nimenunua penseli sitini, na kando yake kuna nakala za wimbo wetu wa Jumapili ijayo. Kila mmoja akitoka achukue moja na moja. Msije na kalamu ya wino.